Kupanga chakula cha jioni kisicho na nyama ambacho hata wapenda nyama watakifurahia

Katika sehemu nyingi za Tanzania Bara, mtu akiuliza "leo mboga ni nini?" anaweza kujibiwa "nyama" au "samaki", wala hakuna atakayeona ajabu, kwa sababu neno mboga hapo halimaanishi majani tu, bali chochote kinachoteremshia ugali au wali. Watu wa Pwani hukiita kitoweo. Ninaanza na neno hilo kwa kuwa ndilo linaloeleza kwa nini chakula kisicho na nyama mara nyingi humwacha mgeni aliyezoea nyama akiwa ameshiba lakini hajaridhika. Ametengewa wali, kabichi, mchicha, maharage na kachumbari, vyote vikiwa vya kusindikizia, na mahali pa kitoweo pamebaki patupu. Kazi kubwa ya mwenye kuandaa ni kupajaza mahali hapo kwa chakula kimoja chenye uzito, kisha vingine vyote vikizunguke.

Kabla ya kwenda sokoni, muulize mgeni asiyekula nyama anachokula na asichokula, kwa maneno yaliyo wazi. Wapo miongoni mwetu wasiomhesabu kuku wala samaki kuwa nyama, na mwenyeji wa namna hiyo anaweza kumtengea mgeni wake mchuzi wa kuku kwa nia njema kabisa. Wahindu wengi wasiokula nyama hutumia maziwa na samli lakini huepuka mayai. Wajaini, yaani wafuasi wa dini nyingine yenye asili ya India, wanaoshika desturi yao kikamilifu hawali vitunguu, thomu wala viazi. Na waumini wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia, wakiwa katika mfungo, huacha pia maziwa na mayai. Uliza vilevile kama kuna mtu anayedhurika na karanga, maana karanga huingia kwa wingi katika mapishi ya aina hii. Ukishapata majibu, kagua jiko lako: mafuta yaliyokwisha kukaangia samaki yasitumike, vidonge vya mchuzi visomwe vilivyoandikwa kwani vingi vina kuku au ng'ombe, na unga wa dagaa uwekwe mbali na sufuria za siku hiyo.

Katika kuchagua vyakula, nashauri uepuke kile ambacho mgeni atakilinganisha na nyama akilini mwake. Pilau ni chakula kizuri hata ikipikwa kwa njegere, lakini kwa watu wengi harufu yake huita nyama, na mgeni ataanza kuchokoa wali akiitafuta. Vipande vya soya vinavyouzwa vikavu navyo huingia katika shindano visiloliweza, hasa kwa mtu anayevionja mara ya kwanza. Maharage ni matamu mno yakiungwa vizuri, lakini wengi waliosoma shule za bweni waliyala karibu kila siku kwa miaka, na si rahisi wayaone kuwa chakula cha heshima ya ugeni. Kwa hiyo, kwa wageni 8, mimi ningepanga hivi: sambusa za adesi za kuanzia, wali wa nazi, rosti ya uyoga iwe kitoweo, kisamvu cha karanga, mabilinganya ya kuchoma, kachumbari, achari ya embe na pilipili ya kusaga, kisha nanasi na kahawa ya tangawizi. Nazi isiingie katika kila sufuria, kwa maana ulimi huchoka nayo upesi. Hapa imo katika wali na kidogo katika kisamvu, basi.

Rosti ya uyoga ndiyo inayobeba karamu, kwa hiyo ipewe muda na uangalifu kuliko vingine. Nyama humpa mlaji vitu vinne: harufu ya kukaangwa, mafuta, kitu cha kutafuna, na utamu mzito wa mchuzi. Uyoga unaweza kutoa vyote hivyo ukipikwa ipasavyo, ila ukipikwa kwa haraka hutoa maji na kuwa mlegevu, na huko ndiko wengi wanakokata tamaa nao. Nunua kilo moja na nusu ya uyoga unaolimwa, ule mpana wenye umbo la sikio, na usishangae wingi wake, kwani hunywea sana motoni. Usiuloweke, upanguse au uusuuze haraka na kuukausha kwa kitambaa, kisha uuchane kwa mikono kufuata nyuzi zake, vipande vinene kama kidole. Pasha kikaango kipana hadi kiwe moto kweli, tia mafuta, na ukaange uyoga kwa mafungu madogo madogo bila kuurundika. Uache utulie hadi upande wa chini uwe na rangi ya kahawia ndipo uugeuze. Chumvi itiwe mwishoni mwa kukaanga, kwa sababu huvuta maji nje na kuuzuia usiwive kwa rangi. Rangi hiyo ya kahawia ndiyo ladha yenyewe, na anayeiruka ataishia na uyoga wa kuchemsha.

Katika sufuria nyingine, kaanga vitunguu maji 5 au 6 kwa moto wa wastani hadi viwe vya dhahabu iliyokolea, tia thomu na tangawizi vilivyotwangwa pamoja, halafu bizari nzima iliyosagwa, pilipili manga na kijiti kimoja cha mdalasini. Tia nyanya zilizoiva sana, kama 10 hivi, na upike bila papara hadi mafuta yajitenge pembeni na rojo liwe zito. Rojo likiwa bado na ukali wa nyanya mbichi, halijafika. Hapo uuingize uyoga, uunyunyizie maji ya ukwaju vijiko 3 au 4, na uuache uchanganyike kwa dakika 10 tu. Rosti iwe nzito inayoshikamana, si mchuzi mwepesi unaomwagika juu ya wali na kupotea.

Kisamvu kinahitaji subira ya namna nyingine. Majani ya muhogo yana kemikali inayotoa sumu ya sayanaidi, na kinachoiondoa ni kuyatwanga vizuri na kuyachemsha kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi. Hata ukinunua kisamvu kilichokwisha kutwangwa sokoni, kichemshe kwa saa moja au zaidi hadi kilainike kabisa, ndipo utie kitunguu, karanga zilizotwangwa na tui la nazi moja. Baada ya kutia tui zito, punguza moto na ukoroge, kwa kuwa likichemka kwa nguvu hukatika. Kwa mabilinganya hakuna kazi kubwa: yachome juu ya mkaa hadi ganda liungue na ndani yalegee, uyamenye, uyaponde kwa thomu, chumvi na ndimu. Moshi ule wa mkaa humkumbusha mlaji mishikaki bila kujifanya mishikaki.

Vya ukali na uchachu visionekane kuwa mapambo. Chakula cha nafaka na jamii ya kunde huelemea mdomo kikikosa kitu cha kukiamsha, na mara nyingi mgeni anayesema "kuna kitu kimepungua" hudhani ni nyama, kumbe ni ndimu. Kachumbari itiwe ndimu na chumvi dakika chache kabla ya kutenga, ili isilegee.

Siku moja kabla, saga pilipili, tengeneza rojo la nyanya na ulihifadhi kwenye jokofu, chemsha adesi, zikaushe vizuri na kufunga sambusa. Adesi zikiwa na maji, manda hulowa na kupasuka katika mafuta. Ukipenda kubadilisha na kuweka maharage mekundu, yaloweke usiku kucha, mwaga maji yake, na uyachemshe kwa moto mkali angalau dakika 10 kabla ya kupunguza, kwa kuwa yasipoiva vizuri huumiza tumbo. Nazi zikunwe na kukamuliwa siku yenyewe, maana tui huchacha upesi. Kilo moja ya mchele na nazi 2 huwatosha watu 8 wenye vitoweo vingine mezani. Asubuhi chemsha kisamvu, alasiri kaanga uyoga, na jioni wageni wakianza kuingia kaanga sambusa, kwa sababu mgeni anayepokelewa na kitu cha moto mkononi haanzi kuuliza kilichomo jikoni.

Swali la kuweka bakuli dogo la nyama pembeni kwa ajili ya wenye kuipenda hujitokeza kila mara. Naona ni kosa, ingawa nia yake ni ya ukarimu. Bakuli hilo hugeuka kuwa ndilo kitoweo, uyoga unakuwa mboga ya pembeni, na yule asiyekula nyama anajiona ameletewa chakula cha mgonjwa. Ikibidi kuweka nyama kwa sababu ya mzee ambaye huwezi kumkatalia, basi pika chakula kisicho na nyama cha kuwatosha watu wote, kwani wala nyama nao watakipakua, na mara nyingi wanaokosa ni wale waliopikiwa.

Usiwatangazie wageni kwamba leo hakuna nyama kana kwamba unaomba radhi, na usiwafiche wakiuliza. Tenga wali katika sinia pana, rosti ya uyoga uimimine katikati, mahali ambapo nyama ingekaa, kisamvu na mabilinganya pembeni, na achari iwe karibu na kila mkono. Bakiza robo ya rosti jikoni ikiwa ya moto, uilete sinia ikifika nusu, maana kitoweo kinachoongezwa kabla hakijaombwa ndicho humfanya mgeni ale bila kujihesabia matonge.