Supu ya nyanya jioni ya siku ya kazi: sufuria moja, mbabula (jiko la makaa) moja

Supu ya nyanya huharibikia kwenye maji. Mtu anafika nyumbani saa kumi na mbili jioni, ana haraka, anakata nyanya, anamwaga lita ya maji, anachemsha. Kinachotoka ni maji mekundu yenye ukali. Nyanya yenyewe ni maji tayari, karibu asilimia 94 ya uzito wake, kwa hiyo kazi ya kwanza ya mpishi ni kuyapunguza kwa kuikaanga, ndipo aongeze maji mengine kidogo, tena yenye ladha. Ukiwa na haraka, punguza muda mahali pengine popote, lakini si kwenye kukaanga.

Mpango huu ni wa nyumba ya Goma, mashariki mwa Kongo, yenye mbabula moja, na hautegemei umeme. Unachukua saa moja hivi tangu makala (makaa) yashike vizuri. Unafuata moto wa makala yenyewe: mwanzoni ni mkali, unachemshia, katikati umetulia, unakaangia, mwishoni umepungua, supu inatokota taratibu. Ukishika mpangilio huo, hutalazimika kuongeza makala mapya katikati ya kupika na kujaza moshi kwenye sufuria. Mbabula ikae nje au mlangoni penye hewa, hata mvua ikinyesha. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu.

Kwa watu wanne:

- nyanya kilo 1 (za umbo la yai huwa kama 12)
- vitunguu 2 vya kati, au kitunguu 1 na shina 1 la puaro (liki)
- kitunguu saumu, punje 3
- kiazi 1 kikubwa, gramu 200 hivi
- karoti 1
- seleri, shina 1 pamoja na majani yake
- mafuta ya alizeti au ya soya, vijiko 3 vya mezani
- tomate ya kopo (nyanya nzito ya kopo), kijiko 1 cha mezani (si lazima)
- maji mililita 700
- chumvi kijiko 1 cha chai kwa kuanzia, sukari nusu kijiko cha chai
- pilipili 1 nzima
- maziwa nusu kikombe, kwa anayeyapenda

Sokoni Virunga au Birere, hapa Goma, usikimbilie nyanya ngumu zinazong'aa. Hizo zimechumwa mapema ili zivumilie safari; zinafaa saladi, lakini kwenye supu hazina la kutoa. Jioni mama wa sokoni huanza kushusha bei ya fungu la zile zilizoiva sana, na hizo ndizo zetu. Nusa pale kikonyo kilipokuwa: isipokuwa na harufu ya nyanya hapo, haitakuwa na ladha sufuriani. Iliyopasuka kidogo haina shida ukiipika leo leo. Yenye ukungu, au inayonuka kama pombe, itupe nzima. Kukata upande mbovu hakutoshi, kwa sababu ndani ya tunda laini ubovu unatangulia mbali kuliko jicho linavyoona.

Mawese yabaki kwa sombe (majani ya muhogo) na maharage. Ni mafuta mazuri, ila hapa yanaifunika nyanya kabisa.

Hatua ya 1: chemsha maji, utoe maganda

Moto ukiwa bado mkali, bandika maji yote na ufunike. Huku yakipata moto, osha nyanya kwa maji yaliyotiwa dawa. Maji yakichemka, tumbukiza nyanya nzima bila kuzikata, nusu kwanza, kisha nusu nyingine, sekunde 60 kila mara. Ganda litapasuka lenyewe. Zitoe kwa mwiko wenye matundu uziweke kwenye sinia. Ukizisahau dakika tatu au nne, nyama ya juu inaanza kuiva na itaondoka pamoja na ganda.

Maji hayo usiyamwage.

Hatua ya 2: kiazi na karoti kwenye maji yaleyale

Kata kiazi vipande vya sentimita 1, karoti iwe nyembamba zaidi, uvitie vyote kwenye maji yanayochemka na ufunike. Viache dakika 15 hadi 18, mpaka kipande kipondeke kwa mgongo wa kijiko bila kukulazimisha.

Wengi hutupa kiazi kibichi moja kwa moja kwenye nyanya, halafu wanashangaa nusu saa imepita na bado kigumu. Sababu ni asidi ya nyanya: inazuia kile kinachoshikanisha chembe za kiazi kisiachie. Kwa hiyo kiazi kiive kwanza, kisha kikutane na nyanya. Jambo la pili ni mahali tulipo. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapa maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Mapishi yaliyoandikwa pwani yakikuambia dakika 10 kwa viazi, wewe hesabu zaidi.

Wakati huo menya nyanya na uzikatekate, ukihifadhi juisi yake yote. Kata vitunguu vidogo vidogo, ponda kitunguu saumu, katakata seleri. Viazi vikiiva, mimina kila kitu pamoja na maji yake kwenye bakuli. Maji hayo sasa yana wanga, na ndiyo yatakayoipa supu uzito bila unga. Yawe nusu lita hivi. Yakipungua sana, ongeza kidogo.

Hatua ya 3: kukaanga

Pangusa sufuria ileile, rudisha motoni, tia mafuta. Moto wa makala sasa unapaswa kuwa umetulia. Kama bado ni mkali, funga mlango wa mbabula au tandaza majivu kidogo juu ya makala.

Tia vitunguu na nusu ya chumvi. Chumvi inavuta maji ya kitunguu, kinalainika kabla ya kuungua. Koroga dakika 6 au 7, mpaka kiwe laini na kingo zianze umanjano. Kikifika rangi ya kahawia umepitiliza kwa supu hii. Utasikia uchungu mwishoni na hakuna sukari itakayouondoa. Ongeza kitunguu saumu na seleri, dakika 1 tu. Kama unatumia tomate ya kopo, itie sasa, uikaange peke yake dakika 2 mpaka rangi ikolee kama tofali. Ikitiwa mwishoni kwenye maji, ladha yake ya bati inabaki.

Sasa nyanya zote, juisi yake, chumvi iliyobaki na sukari. Usifunike, kwani tunataka mvuke utoke. Hesabu dakika 12 hadi 15, lakini tazama sufuria kuliko saa. Mwanzoni juisi inachemka kwa kelele, mapovu makubwa na mepesi. Kisha sauti inashuka, mapovu yanakuwa mazito na kuruka, jihadhari mkono. Ukipitisha mwiko chini, njia yake inabaki wazi kidogo kabla ya kujifunga. Mwisho mafuta yanajitenga pembeni, na yamekuwa ya rangi ya machungwa, kwa sababu rangi nyekundu ya nyanya huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Hapo ndipo imeiva.

Ikianza kushika chini, inua sufuria, tia vijiko viwili vya maji ya viazi, kwangua taratibu. Ikiungua kweli, usikwangue hata kidogo: mimina iliyo juu kwenye sufuria nyingine, uendelee.

Hatua ya 4: unganisha

Rudisha viazi, karoti na maji yake. Weka pilipili nzima, isiyo na tundu, ielee juu. Ikipasuka, supu ni ya wakubwa peke yao. Funika nusu, acha itokote dakika 8, kisha toa pilipili.

Hatua ya 5: laini au nzito

Bila umeme, ponda kwa mchi wa mbao ndani ya sufuria, kisha ukitaka laini zaidi pitisha kwenye chujio, ukisukuma kwa mgongo wa kijiko. Mbegu zitabaki, nyama itapita. Umeme ukiwepo, mashine ya kusagia inamaliza kwa sekunde 30. Subiri supu ipoe dakika 5, jaza nusu ya chombo tu, na uache nafasi ya mvuke kutoka kwenye kifuniko, ukikishikilia kwa kitambaa. Mvuke uliofungiwa unarusha kifuniko na kuunguza uso. Usisage muda mrefu. Hewa inaingia, rangi inageuka ya waridi, na mbegu zilizosagika zinaleta uchungu.

Hatua ya 6: kuonja

Rekebisha chumvi kwanza, robo kijiko kwa wakati mmoja, maana mara nyingi kinachoitwa ukali ni upungufu wa chumvi. Bado ni kali? Tia bikabonati (magadi soda ya kupikia) kiasi cha ncha ya kisu na ukoroge. Itatoa povu, kisha itatulia. Usizidishe, ladha itakuwa ya sabuni.

Maziwa ndiyo ya mwisho kabisa, baada ya ukali kupunguzwa. Asidi na moto mkali vikikutana na maziwa baridi, yanakatika vipande. Yapashe moto, yachanganye na upawa wa supu pembeni, rudisha mchanganyiko sufuriani, uipue papo hapo. Isichemke tena.

Kwa mezani, hakuna kinachoipita jibini ya Masisi, ile ya milimani. Kata vipande vidogo, viweke chini ya bakuli, mimina supu ya moto juu yake, uile na mkate. Ukipanga hivyo, punguza chumvi tangu mwanzo, jibini ina chumvi yake.

Inayobaki isilale kwenye sufuria ya aluminiamu: asidi ya nyanya inaila, na supu inachukua ladha ya chuma. Ihamishie kwenye chombo cha kioo au cha plastiki chenye kifuniko. Kwenye friji inakaa siku 3, kama haina maziwa. Pasipo friji, imalizeni usiku uleule. Iliyolala kwenye friji, kesho yake ipashe bila kifuniko mpaka ipungue nusu, na una mchuzi tayari wa makaroni au wa sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) za kukaanga.