Kuchambua utendaji wa jeni kwenye saratani za damu na uloto: anzeni na kichupa

Wadogo zangu mnaonifuata mkifika mwaka wa mwisho na wazo la "kuchambua jeni za lukemia", yaani saratani ya damu, leo nawajibu kwa mkupuo. Nafanya kazi maabara hapa Dodoma. Mashine ya kusoma RNA, zile nakala ambazo seli huzitoa kwenye jeni inazozitumia, sina, na wengi wenu hamtakuwa nayo. Hilo halizuii kazi. Kinachoiharibu ni kukimbilia kompyuta kabla ya kujua kichupani mna seli gani.

Swali lije kwanza, tena liwe jembamba. Ukitaka kumfuatilia mgonjwa wa lukemia sugu ya mieloidi anayemeza dawa ya imatinib, huna haja ya jeni elfu ishirini. Unahitaji BCR-ABL1 tu, ile jeni iliyoungana inayoleta ugonjwa huo, ipimwe kwa PCR (njia ya kuzidisha nakala za jeni ili zipimike) pamoja na jeni ya ulinganisho, mara nyingi ABL1. Majibu husomwa kwa kipimo cha kimataifa, na asilimia 0.1 au chini yake ni habari njema. Jeni nyingi ni za swali jingine: hii lukemia ni ya aina gani, na seli zake zinatofautianaje na nyingine?

Sampuli iingie kwenye tyubu ya zambarau, yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande. Ya kijani ina heparini, na heparini inaivuruga PCR. Uloto, ute wa ndani ya mfupa unakotengenezwa damu, nao una ujanja wake: mvuto wa kwanza wa sindano ndio wenye uloto hasa, halafu kadiri unavyoendelea kuvuta damu ya kawaida inaingia na kuuzimua. Kwa desturi wa kwanza unakwenda kwenye slaidi, mtafiti anaambulia wa mwisho. Muone daktari mapema, umwombe kwa adabu akubakizie kidogo. Kisha kaa kwenye hadubini mwenyewe. Tafuta vile vichembe vya uloto vyenye matundu ya mafuta, hesabu blasti (seli changa za damu zisizokomaa), andika asilimia yake daftarini.

RNA haina uvumilivu. Ngozi yetu ina vimeng'enya vinavyoila, kwa hiyo glavu iliyoshika kitasa cha mlango ibadilishwe, hata kama bosi analalamika zinaisha. Mwezi wa kumi, kwa jua letu hili, usimpe bodaboda sampuli bila kasha la ubaridi, na uianze siku hiyohiyo. Ukishaitoa RNA, uwiano wa mwanga inaoufyonza kwenye nanomita 260 kwa 280, unaoonyesha usafi wake, uwe karibu na 2.0.

Huna sampuli? Data za bure zipo. Mwaka 1999 timu ya Todd Golub kule Marekani ilichukua sampuli 38 za uloto, 27 za lukemia kali ya limfu na 11 za mieloidi, ikachagua jeni 50 zinazotenganisha aina hizo, kisha ikazijaribu kwa wagonjwa wengine 34. Data hiyo inapakuliwa ndani ya R, programu isiyouzwa. Nunua bando la usiku, uanze nayo.

Sasa penye mtego wenyewe. Mwanafunzi analinganisha uloto wenye blasti asilimia 90 na uloto wa mtu mzima wa afya, anakuja mbio: "Dada, saratani imezima jeni za himoglobini!" Haijazima kitu. Seli zinazotengeneza chembe nyekundu zimesukumwa nje, hazimo tena kichupani. Ni kama kuchota magunia mawili pale soko la Majengo, moja limejaa mtama na jingine karanga, ukatangaza kwamba karanga zimegeuka. Linganisha sampuli zenye asilimia za blasti zinazokaribiana, au ingiza asilimia hiyo kwenye hesabu. Kwa mieloma, saratani ya seli za plazma, zitenge kwanza seli hizo kwa alama ya juu ya seli iitwayo CD138, ndipo utoe RNA.

Jeni 20,000 zikipimwa kitakwimu kwa kiwango cha 0.05 zitakupa kama 1,000 za kubahatisha hata pasipo tofauti yoyote, kwa hiyo sahihisha kwa njia ya Benjamini na Hochberg, hesabu inayodhibiti majibu ya kubahatisha. Wagonjwa wote wakisomwa Jumatatu na wazima wote Alhamisi, umepima siku. Wachanganye. Jeni chache zitakazobaki juu zipime tena kwa PCR, kwa wagonjwa wapya.

Ukitumia sampuli za watu, ridhaa yao na kibali cha maadili vitangulie. Zikivuka mpaka kwenda kusomwa nje, unahitaji pia mkataba wa kuhamisha sampuli. Peleka maombi hayo mapema, kabla hujaagiza hata tyubu moja, maana vitendanishi vina tarehe ya kuisha.