Tangi la matumbawe likishapevuka: ninavyolitunza langu

Miongozo mingi ya kufuga matumbawe nyumbani huishia pale amonia inaposhuka hadi sifuri na samaki wa kwanza akaingia. Hiyo hatua nawaachia wengine. Mimi naanzia miaka kadhaa baadaye, vipande vilivyokuwa na ukubwa wa kidole vimekuwa vichaka, mawe yamefunikwa ukoko wa zambarau, na tangi lililokuwa likienda lenyewe limeanza ukaidi.

Langu ni la lita 400 na limevuka miaka kumi. Chini yake lipo la pili la lita 100, ambalo wafugaji tunaliita sampu: humo mna skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu), hita na pampu ya kurudisha maji juu. Ukitoa nafasi ya mawe na mchanga, na ile sehemu ya sampu isiyojazwa, maji halisi ni kama lita 420. Namba hiyo iandike ubavuni mwa tangi. Dozi zote huhesabiwa kwa maji halisi, si kwa lita zilizochapwa kwenye boksi.

Msimamo wangu ni kwamba tangi la zamani huharibiwa na ratiba ya zamani. Dozi uliyopanga mwaka wa pili, pampu ulizoelekeza, chakula ulichozoea kutia, vyote vilipangwa kwa matumbawe madogo ambayo leo hayapo tena. Kwa hiyo sehemu kubwa ya utunzaji ni kupima nini kimebadilika, kisha kukifuata polepole.

Alkaliniti, kabla ya yote

Matumbawe magumu hujenga mifupa yao kwa kalsiamu na kaboneti wanazozitoa majini. Kadiri yanavyokua ndivyo yanavyokula zaidi, na ongezeko hilo halina kelele. Naweka alkaliniti, yaani akiba ya kaboneti na bikaboneti majini, inayopimwa kwa digrii ziitwazo dKH, karibu na dKH 8, kalsiamu kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, magnesiamu kati ya 1250 na 1350. Bahari yenyewe ina alkaliniti ya dKH 7 hivi, kalsiamu kama 415, magnesiamu karibu 1290, kwa hiyo hakuna sababu ya kupandisha mno.

Kujua tangi linakula kiasi gani, simamisha dozi kwa siku moja na upime saa ileile siku mbili mfululizo. Tuseme Jumatatu saa moja jioni umepata 8.4, Jumanne saa hiyohiyo 7.6. Tangi linakula dKH 0.8 kwa siku. Kupandisha dKH 1 kunahitaji takriban gramu 0.03 za bikaboneti ya sodiamu kwa kila lita, kwa hiyo lita 420 zikipoteza 0.8 zinadai gramu 10 hivi kila siku. Ni magadi yaleyale ya kuokea, mradi yawe safi na yasichanganywe na kitu kingine. Yayeyushe kwanza katika maji yaliyochujwa, kisha yatie penye mkondo mkali. Usipandishe zaidi ya dKH 1 kwa siku, hata kama kipimo kimekutisha.

Kwa nini alkaliniti na si kalsiamu? Kwa kila dKH 2.8 inayoliwa, kalsiamu hupungua miligramu 20 tu kwa lita. Katika mfano wetu alkaliniti imeshuka karibu asilimia 10 kwa siku moja, ilhali kalsiamu imeshuka miligramu 6, kiasi ambacho vipimo vingi vya matone haviwezi kukiona. Alkaliniti inakuambia leo; kalsiamu itakuambia baada ya wiki mbili, umeshachelewa. Mimi napima alkaliniti kila baada ya siku mbili au tatu, kalsiamu kila wiki mbili, magnesiamu mara moja kwa mwezi. Magnesiamu ikishuka sana, kalsiamu na kaboneti hugandiana kwenye hita na pampu badala ya kwenda kwa matumbawe, nawe utabaki ukitia dozi bila kuona namba ikipanda.

Njia ninayoipenda zaidi ni maji ya chokaa, yaani hidroksidi ya kalsiamu, gramu 1.5 hivi kwa lita ya maji yaliyochujwa. Koroga, acha weupe utuame, tumia maji ya juu yaliyo angavu. Yanaleta kalsiamu na alkaliniti kwa uwiano uleule matumbawe yanavyovila. Kwa kuwa kila siku tangi hupoteza maji kwa mvuke na lazima ufidie kwa maji yasiyo na chumvi, maji ya chokaa yanafanya kazi mbili kwa mkupuo mmoja. Lakini yana mwisho wake. Tangi langu hupoteza lita 4 kwa siku, na lita 4 za maji ya chokaa yaliyokolea hufidia karibu dKH 1. Siku matumbawe yanapopita hapo, chokaa peke yake haitoshi, na usipopima utadhani taa ndizo zenye kasoro.

Maji hayo yana pH inayozidi 12. Usivute vumbi lake, usiyaguse kwa mikono mitupu, na usiyamimine kwa pamoja. Nayaingiza usiku, tone kwa tone, kwa pampu ndogo inayofuata saa, kutoka ndoo ya lita 5 tu. Udogo wa ndoo ndio kinga yangu: pampu ikikwama ikiwa wazi, madhara yana mpaka. Mwenye pipa la lita 40 na boya la kufungia maji linaloweza kukwamishwa na konokono anacheza kamari.

Kuhusu pH, sitasema mengi. Usiku hushuka, mchana hupanda, na katika chumba kilichofungwa chenye watu wengi hubaki chini kwa sababu ya hewa ya kaboni. Fungua dirisha, au peleka mrija wa hewa wa skima nje ya nyumba. Chupa zinazouzwa za kupandisha pH ziache dukani.

Mawe yana kumbukumbu

Fosfeti hunata kwenye mawe ya kaboneti. Kwa miaka unayolisha samaki, mawe yanaweka akiba. Siku ukiamua kuiondoa majini, mawe yanaanza kuitoa. Ndiyo maana mtu huweka chembe za oksidi ya chuma zinazonyonya fosfeti, anapima baada ya wiki, anakuta namba ileile, anaongeza maradufu. Kisha akiba ikiisha fosfeti inaporomoka ghafla na matumbawe yanapauka. Tumia robo ya kiasi kilichoandikwa kwenye kopo, pima kila siku chache, na uwe radhi jambo hili lichukue miezi.

Nalenga fosfeti ya miligramu 0.03 hadi 0.1 kwa lita, na naitreti kati ya 2 na 10. Sifuri siitaki hata kidogo. Mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe unahitaji chakula, na maji yasiyo na kitu ndiyo hukaribisha dinoflajelati, ule utando wa kahawia wenye kamasi na mapovu unaotoweka usiku na kurudi mchana. Ukiwa nao, kubadilisha maji kila mara huuzidishia nguvu. Heri mwani wa kijani wa nywele: huo una wa kuula.

Samaki walaji wa mwani ninaowaamini ni wawili. Kangaja hupitia mawe siku nzima akikwangua, na chafi hula mpaka mwani mgumu ambao wengine wanaukataa. Miiba ya chafi ina sumu, kama wavuvi wote wanavyojua, basi usimkamate kwa mkono tangini. Kitatange ni mzuri wa sura, na wapo wanaokula vianemoni haribifu vya Aiptasia, lakini wengi wao huhamia kwenye matumbawe yenyewe. Kwa Aiptasia mimi hutumia kamba wadogo wa jamii ya Lysmata, na huwaingiza kabla havijawa jeshi.

Kila wiki mbili nabadilisha lita 40. Kabla ya kuvuta maji, napuliza kila jiwe kwa bomba la mkono la mpira, lile la kumwagia mchuzi juu ya nyama, mpaka mashapo yaruke, na nayavuta yakiwa bado yanaelea. Mchanga nausafisha robo kwa zamu, kamwe si wote siku moja. Mchanga mnene uliokaa miaka bila kuguswa hufuga chini yake gesi yenye harufu ya mayai viza, na ukiuvuruga wote samaki wanaweza kufa. Sakafu ya sampu nayo husahaulika. Huko ndiko uchafu mwingi unakolala.

Chumvi tia kwenye maji, usimwage maji juu ya chumvi, la sivyo utapata maziwa ya chokaa yaliyoganda. Tumia maji yaliyopita kwenye chujio la osmosisi na resini, kipimo cha chembe zilizoyeyuka kikionyesha 0. Chumvi nyingine za dukani huja na dKH 12: kubadilisha lita 40 kutakupandisha karibu 0.4, si hatari, ila ihesabu kabla ya kutia dozi ya siku hiyo. Ukolezi wa chumvi naushika kwenye 35 kwa elfu, na kifaa cha kupimia nakirekebisha kwa maji maalumu ya 35, si kwa maji matupu. Skima inayotoa povu jepesi huiba chumvi kidogo kidogo, na katika miezi mitatu unaweza kujikuta umefika 33 bila kujua.

Mkondo, mkasi na sumu

Kichaka cha tumbawe ni ukuta. Pampu ileile iliyotikisa kila kona mwaka wa kwanza sasa inapiga Montipora, tumbawe lililotanda kama sahani, na kuishia hapo. Kupima mkondo hakuhitaji kifaa: tia chakula cha unga na uangalie chembe zinatua wapi. Zinapotua, patajaa uchafu, na matawi ya ndani yataanza kufa kutoka chini. Geuza pampu kwanza. Isipotosha, kata.

Kukata watu wanakuogopa mno. Natumia koleo la kukatia mifupa, naondoa tawi lote badala ya kupunguza ncha, nalibandika kwenye kigae kwa gundi kali ya jeli, namgawia mfugaji mwingine. Matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kipande kilichokulia tangini ni kipande ambacho hakikung'olewa baharini. Kata pia kabla majirani hawajagusana. Tumbawe la Galaxea hutoa usiku minyiri mirefu inayounguza kilicho mbali naye kwa zaidi ya kiganja, na matumbawe laini ya Sarcophyton hupigana kwa kemikali majini. Kwa hao naweka mkaa wa kuchujia na kuubadilisha kila mwezi.

Hapa naomba usome polepole. Baadhi ya zoanthidi, viumbe laini walio ndugu wa matumbawe, hasa Palythoa, wana palitoksini, sumu kali sana. Usiwakate bila glavu na miwani ya kukinga macho, usiwasugue hewani, na kamwe usichemshe jiwe au kulimwagia maji ya moto ili kuwaua. Mvuke wake umewahi kuwalaza watu hospitalini, familia nzima pamoja na wanyama wa nyumbani. Ukitaka kuwaondoa, toa jiwe zima likiwa limelowa na ulifunge ndani ya mfuko.

Vifaa navyo vinazeeka

Hita ndiyo muuaji wa kwanza, kwa sababu huharibika ikiwa imewaka. Weka mbili ndogo badala ya moja kubwa, zote zipitie kidhibiti cha nje kinachokata umeme, na uzibadilishe kabla hazijafa. Joto langu ni nyuzi 25 hadi 26. Pampu nazilowesha kwenye siki au asidi ya sitriki kila baada ya miezi mitatu, ukoko wa chokaa uyeyuke. Taa za mirija zibadilishe kila mwaka, lakini ukiweka mpya zipandishe juu au punguza saa, kisha zirudishe kwa wiki kadhaa; matumbawe yaliyozoea mwanga uliofifia huungua. Za LED, futa vumbi la chumvi kwenye lenzi.

Umeme ukikatika, maji hushuka kwenye sampu. Hakikisha kuna nafasi, na toboa tundu dogo kwenye bomba la kurudisha maji, chini kidogo ya usawa wa maji, livute hewa na kukata mvuto wa maji yanayorudi chini. Likague kila mwezi, kwa sababu konokono na mwani hulipenda. Matumbawe huvumilia giza siku mbili bila shida. Wanachokosa kwanza ni oksijeni, basi pampu ya hewa ya betri ina maana kuliko jenereta ya taa. Sina ushabiki wa vifaa vingi hata hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Lee Chin Eng, kule Indonesia, alikuwa akifuga matumbawe kwa mawe hai (mawe ya baharini yenye viumbe wake), mapovu ya hewa na mwanga wa jua.

Samaki mpya yeyote akae karantini kwanza. Ugonjwa wa madoa meupe wa baharini, Cryptocaryon irritans, ukishaingia kwenye tangi la matumbawe huwezi kuutibu humo, kwani dawa ya shaba inaua kamba, konokono na matumbawe. Itabidi uwatoe samaki wote na kuliacha tangi bila samaki siku 76. Jaribu kumkamata chafi katikati ya vichaka vya miaka kumi ndipo utaielewa karantini.

Na ukisafiri, mtu utakayemwachia tangi asipewe kopo la chakula. Mgawie chakula cha kila siku kwenye vikaratasi vyenye tarehe, makopo yafungie kabatini. Mwonyeshe mambo mawili tu: alama ya usawa wa maji kwenye sampu, na kipimajoto. Maji yakiwa chini ya alama au joto likizidi 27, akupigie simu kabla hajagusa kitu.