Taa ya ringi kwenye lenzi: kuilinganisha na taa za saluni

Uso wa bibi harusi ukitoka na ubluu huku ukuta wa nyuma ukiwa wa njano, kamera haina kosa. Taa zenye joto la rangi tofauti zimekutana kwenye picha moja, na kamera ina uwezo wa kusahihisha moja tu. Joto hilo hupimwa kwa Kelvini (K): namba ndogo ni njano, kubwa ni ubluu. Saluni ya kawaida ya Dar es Salaam huwa na tyubu nyeupe za 6500K darini, globu za njano za 3000K kuzunguka kioo, na dirisha. Ukiingia na taa ya ringi, ile ya duara, ya 5600K, umefikisha vyanzo vinne.

Kwa hiyo anza kwa kuzima. Kama kioo na globu zake hazitaonekana kwenye picha, zima globu. Kama mpambaji anataka zionekane (na kwa kweli hupendeza), zima tyubu, funga pazia, kisha ishushe Kelvini ya taa yako ifuate globu hizo. Chagua mwanga mmoja uwe mkubwa, mingine iufuate au ikae gizani.

Kuifunga ringi kwenye lenzi hakuna ugumu. Soma namba iliyo kando ya alama ya Ø kwenye lenzi, kwa mfano 52, 58, 67 au 77, na ununue pete ya kuungia ya saizi hiyohiyo. Ifunge kwenye nyuzi za lenzi moja kwa moja, si juu ya filta, maana kila unene unaoongeza unasogeza taa mbele na kutia giza kwenye pembe za picha. Lenzi pana, hasa chini ya milimita 35 kwenye kamera ya fremu kamili, mara nyingi itaiona taa yenyewe. Na kama sehemu ya mbele ya lenzi yako huzunguka inapotafuta fokasi, uzito wa taa utaichosha mota yake. Fokasi kwa mkono.

Tambua pia nguvu yake. Taa ndogo ya LED ya kwenye lenzi inafaa kwa kope, midomo, kucha, hina na pete, kamera ikiwa karibu. Ukirudi nyuma kutoka nusu mita hadi mita moja, mwanga unaomfikia mtu unabaki takriban robo. Kwa uso mzima na mabega, tumia ringi kubwa ya kwenye stendi, lenzi ikichungulia katikati.

Sasa rangi. Usiiamini namba iliyoandikwa kwenye kitufe cha taa, hasa taa za bei ya chini: zinazosomeka 3200K zinaweza kuwa mbali na hapo, na rangi ikabadilika tena ukipunguza mwanga. Pima kwa kamera yenyewe. Utahitaji kadi ya kijivu. Karatasi nyeupe ya ofisini haifai, kwa sababu nyingi hutiwa kemikali ya kung'arisha inayoongeza ubluu.

Iweke kadi pale uso utakapokuwa, taa ya ringi ikiwa imezimwa. Ipige picha kwa mwanga wa chumba peke yake ikijaza fremu, kisha itumie kuweka WB maalumu (mizani ya weupe, inayoiambia kamera nyeupe ni ipi) kwenye menyu. Kuanzia hapo usiiguse WB, na kamwe usiirudishe kwenye otomatiki. Zima taa za chumba, washa ringi, ipige kadi ileile. Fungua grafu ya rangi tatu (histogramu ya RGB) ya picha hiyo. Vilima vya nyekundu, kijani na bluu vikisimama mahali pamoja, taa zimeoana. Bluu ikiwa kulia kwa nyekundu, ringi ni ya baridi mno: shusha Kelvini. Nyekundu ikiwa kulia, pandisha. Rudia mpaka vikutane.

Ringi isiyo na kitufe cha Kelvini itahitaji jeli, ile plastiki nyembamba yenye rangi. Jeli kamili ya chungwa huishusha 5600K hadi karibu 3000K, na nusu yake hadi takriban 3500K. Chora umbo la duara kwa kufuata kifuniko cheupe cha taa, kata, ipachike chini ya kifuniko hicho. Jeli kamili hula karibu nusu ya mwanga, kwa hiyo panga kuongeza ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) au kusogea karibu.

Kuna kasoro ambayo kitufe cha Kelvini hakiigusi: ukijani. Tyubu nyingi huwa nao, na ngozi ya maji ya kunde huuonyesha haraka, ikaonekana kama ya mgonjwa. Kijani kikibaki kushoto peke yake kwenye grafu ya ringi, weka jeli hafifu ya kijani kwenye ringi ili nayo ifanane na tyubu, halafu iachie WB maalumu iuondoe ukijani wote kwa pamoja. Inaonekana kinyume na akili, lakini ukisahihisha kwenye kamera tu bila jeli, uso utageuka wa zambarau.

Kwenye video, weka shata (muda wa kamera kupokea mwanga) sekunde 1/50 au 1/100. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa zinazoufuata hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/60 huweza kuleta michirizi inayotembea. Umeme ukikatika na jenereta ikawashwa, piga klipu fupi ya majaribio kwanza, kwani jenereta isiyotulia haishiki hezi 50 sawasawa.

Jasho la Dar hugeuza ringi kuwa duara jeupe kwenye paji la uso. Kabla ya kupunguza taa, mfute mtu kwa karatasi ya kufyonza mafuta, apakwe poda kidogo. Mwenye miwani ashushe kidevu kidogo.

Ukitegemea dirisha, pima kadi upya kila baada ya dakika 20 kuanzia saa kumi na moja jioni. Jua likishuka, rangi yake hukimbia kuelekea njano. Angalia na jirani: ukuta wa rangi ya kijani au kitenge chekundu kilichoanikwa nje ya dirisha hutia rangi yake kwenye shela, na hapo hakuna jeli itakayokusaidia. Kianuliwe.