Kabla hujaenda tamasha la roki: anza na geti, si jukwaa

Tiketi unayo, bendi unayoipenda inapiga Jumamosi, na wenzako wameshaulizana mtakutana saa ngapi. Vizuri. Keti basi dakika tano, maana mambo yatakayokurudisha nyumbani mzima hayaandikwi kwenye tangazo.

Vaa viatu vya kufunika vidole, kamba zifungwe mara mbili. Ndala na visigino virefu vibaki nyumbani. Kula. Kunywa maji kabla ya kuingia, kwa sababu ukishafika katikati ya watu hutatoka kwenda kununua chupa. Simu ijae chaji. Pesa kidogo weka mfuko wa mbele. Mkoba wa kamba ndefu inayopita shingoni usiubebe kabisa, sababu nitaitaja. Kubalianeni mahali pa kukutana mkipotezana, na pawe nje ya ukumbi, mahali panapojulikana kwa jina, kama kituo cha mafuta au duka la dawa. "Pale tuliposhukia" si mahali. Na msitegemee kupigiana simu, mtandao huelemewa watu wakijazana.

Mtoto mdogo usimpeleke sehemu ya kusimama, hata kama nyimbo zote anazijua.

Halafu iangalie tiketi yenyewe. Ina namba ya kiti, au ni ya anayewahi ndiye wa mbele? Hili watu hulipita haraka, na ndilo la kulisimamia. Tarehe 3 Desemba 1979, huko Cincinnati, Marekani, bendi ya The Who ilikuwa ipige katika ukumbi wa Riverfront Coliseum. Tiketi nyingi hazikuwa na namba ya kiti. Maelfu ya vijana walikusanyika nje tangu mchana, kwenye baridi, kila mmoja akitaka kuwahi mbele. Milango iliyofunguliwa ilikuwa michache mno. Kisha muziki ukasikika kutoka ndani, walio nje wakadhani onyesho limeanza, na wa nyuma wakaja mbele. Watu 11 walikufa pale mlangoni, mdogo wao ana miaka 15, mkubwa 27. Ndani onyesho likapigwa mpaka mwisho, wanamuziki wakaambiwa baadaye. Mwezi huohuo baraza la jiji likapiga marufuku tiketi zisizo na namba ya kiti, na marufuku hiyo ikadumu hadi 2004.

Habari hiyo nilikuwa nimeshaisoma. Haikunisaidia kitu, kwa sababu niliisoma kama habari ya Wamarekani, ya zamani.

Yangu ilikuwa Nairobi, Desemba pia, miaka kadhaa iliyopita. Wapenda roki wa Nairobi si wengi wa kujaza uwanja wa taifa, lakini wanatosha kabisa kujaza ua uliozungushiwa ukuta. Ua ule ulikuwa na geti la chuma la milango miwili. Mlango mmoja ulifunguliwa nusu, wa pili ukabaki na mnyororo wake. Baunsa mmoja alikuwa anakagua tiketi kwa simu, mwingine anapekua watu. Foleni haikuwapo, wala kamba wala vyuma vya kuipanga. Palikuwa na watu tu, kuanzia getini hadi barabarani, na nyuma ya watu pikipiki na magari yanayoshusha wengine.

Saa moja na nusu hivi jioni, mpiga ngoma akaanza kujaribu ngoma zake. Dum, dum, dum. Kisha gitaa moja, kisha kimya. Sisi wa karibu na geti tulijua ni mitambo inapimwa. Wale wa barabarani walisikia jambo moja tu: wameanza bila sisi.

Sikuona mtu akimsukuma mwenzake. Hapa nataka uelewe vizuri. Hakuna aliyenyanyua mikono kwa ubaya. Kila mtu alisogea hatua moja mbele, basi, na hatua za watu mia tano zikatufikia sisi wa getini zote kwa mpigo. Mimi mwenyewe dakika kumi kabla nilikuwa nimesogea vivyo hivyo, bega langu liko mgongoni kwa mtu nisiyemjua, nikiona ni haki yangu kwa kuwa nimelipia. Hatua yangu ilimfikia nani kule mbele sijui, lakini kuna mtu ilimfikia.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuwa mbele yangu kidogo, upande wa kushoto. Ni mfupi, utosi wake unafika kidevuni kwangu. Nikamwona ameinuka. Nikadhani amesimama kwa ncha za vidole aone geti, kumbe miguu yake haikugusa chini. Kamba ya mkoba ilikuwa imepita shingoni mwake, na mkoba wenyewe umekwama kati ya watu wawili nyuma yake, hivyo kila wimbi likija kamba inakaza koo. Alikuwa ameingiza vidole viwili kati ya kamba na ngozi. Akageuza macho, si kichwa, akaniambia, "Kaka, sipati pumzi." Hakupiga kelele. Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi mezani.

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia anavyohema, na mkono wa kumshika sikuweza kuuinua. Mikono yangu ilikuwa imebanwa mbavuni. Nilipiga ukelele "rudini nyuma!" na walionisikia ni wale waliokuwa wamebanwa kama mimi, ambao hawakuwa na pa kurudi. Aliyemwokoa ni kijana aliyekuwa amekaa juu ya ukuta. Alilala kifudifudi, akamshika chini ya kwapa, mwenzake akashika jaketi, wakamvuta. Kamba ya mkoba ikakatika, kiatu kimoja kikabaki chini. Nawashukuru hadi leo, na majina yao sikuyapata.

Hospitalini walikuta mbavu mbili zina ufa. Lakini kilichonitisha ni macho. Weupe wa macho yake ulikuwa na vidoa vyekundu, na kope zote mbili pia, kama mtu aliyechomwa sindano nyingi nyembamba. Daktari akaeleza kwamba kifua kikibanwa kwa nguvu, damu hurudishwa kichwani na vimishipa vidogo hupasuka.

Ndiyo maana neno "mkanyagano" linanikera. Likishasemwa redioni, watu wanapata picha ya wendawazimu wanaokimbia juu ya wenzao, na lawama inawaendea waliokufa. Kwenye misongamano mingi ya namna hii watu hawafi kwa kukanyagwa. Wanakufa wakiwa wima. Pafu halijai kwa sababu mdomo uko wazi, hujaa kwa sababu kifua kimetanuka, na kifua kilichobanwa mbele na nyuma hakitanuki. Dakika chache zinatosha. Na anayesababisha hajui kwamba anasababisha, kwa sababu yuko mita thelathini nyuma, anapumua vizuri, na anachokiona ni visogo tu.

Chora kwa chaki sakafuni mraba wa mita moja kila upande, muingie na ndugu zako. Wanne mnakaa, mnaongea, mnacheka. Mkiwa sita hamcheki. John Fruin, mhandisi wa Marekani aliyechunguza misongamano kwa miaka mingi, aliandika kwamba watu wakikaribia 7 katika nafasi hiyo, umati unaanza kwenda kama maji. Mawimbi yanapita ndani yake, na nguvu za mtu mmoja mmoja hazina kazi tena, hata awe baunsa.

Basi ukifika, usikimbilie getini. Simama ng'ambo ya barabara uliangalie geti. Ni milango mingapi imefunguliwa? Kuna vyuma vya kupanga foleni? Wanaoingia wanapita, au geti limeziba na watu bado wanashuka kwenye magari? Ukiona mlango mmoja na watu mia kadhaa, kaa hapohapo ulipo. Kosa nyimbo mbili za kwanza. Bendi ya kufungulia tutaisikia siku nyingine. Na ukiwa nyuma ukaona mbele hapasogei, usijaze ule upenyo mbele yako. Upenyo ule ndio pumzi ya mtu wa mbele. Wageukie walio nyuma yako uwaambie wasimame, kwa sauti, mara moja, hata wakikuona unajipa ubosi.

Ishara za mwilini zijue. Ukiguswa mabega yote mawili bila kutaka, umeanza kubanwa. Ukishindwa kuinua mkono ujikune pua, toka sasa, usisubiri wimbo uishe. Ukijikuta umesogea bila kupiga hatua, hapo hutoki kwa mabavu tena. Kunja mikono mbele ya kifua kama bondia, viwiko vitokeze kidogo, uache nafasi ya kifua kutanuka. Usipige kelele ovyo, pumzi ni akiba. Wimbi likija liache likuchukue, likitulia ndipo ujisogeze kimshazari, hatua kwa hatua, kuelekea pembeni. Jiepushe na ukuta na vyuma vya mbele, kwa sababu umati ukikubana hapo hakuna kinachopisha. Simu ikianguka, imekwenda. Usiiname. Ukianguka wewe, lala ubavu, jikunje, kinga kichwa, na ushike mguu wa mtu au suruali yake usimame mapema uwezavyo.

Ndani, mbele ya jukwaa, roki ina desturi yake ya kurukaruka na kugongana mabega kwenye duara. Ukiwa mgeni utaona ni vita. Si vita, ni mchezo wenye sheria moja kubwa: akianguka mtu, waliomzunguka wanasimama na kumnyanyua. Ukiona mahali sheria hiyo haifuatwi, watu wanagonga wasiotaka, wanarusha chupa, wanarusha ngumi kwa kisingizio cha muziki, pahame. Na yule anayepeleka mkono kwenye mwili wa msichana gizani akidhani msongamano unamficha, mtaje kwa sauti, msogeze msichana katikati yenu, mwiteni mlinzi. Wasichana wangapi wameacha kuja kwenye matamasha kwa ajili ya watu wa aina hiyo, na sisi wengine tumesimama tu tunaimba.

Hata wanamuziki wakiona hatari hawawezi kila mara kuizuia. Tarehe 30 Juni 2000, kwenye tamasha la Roskilde nchini Denmark, bendi ya Pearl Jam ilikuwa jukwaani, mvua imenyesha, chini matope. Watu wakateleza mbele, wengine wakaanguka juu yao. Bendi ikasimamisha muziki, ikaomba umati urudi nyuma. Watu 9 walikufa. Baadaye sehemu ya mbele pale Roskilde ikazungushiwa vizuizi ili waingie wanaohesabika. Kwa hiyo mvua ikinyesha na chini pakawa utelezi, rudi nyuma mwenyewe kabla hujaombwa. Na mwanamuziki akisimamisha wimbo, usizomee. Ameona kitu ambacho wewe hukioni.

Ukishaingia, kabla hata ya kutafuta pa kusimama, tafuta mlango wa pili. Nenda kauguse, uone kama una kufuli. Mwaka 2003, katika klabu ya The Station, jimbo la Rhode Island, fataki za jukwaani ziliwasha sponji ya ukutani, na watu 100 wakafa. Milango mingine ilikuwapo, lakini wengi walikimbilia ule walioingilia, wakabanana palepale. Ndivyo mwili unavyofanya ukishtuka, unarudi njia inayoijua. Basi uonyeshe njia nyingine mapema.

Na usidhani haya ni ya roki peke yake. Kinshasa, Oktoba 2022, watu 11 walikufa kwenye tamasha la mwanamuziki Fally Ipupa katika uwanja wa Stade des Martyrs. Kampala, usiku wa kuingia 2023, wasiopungua 9 walikufa kwenye jengo la maduka la Freedom City, watu wakiwa wanatoka tu kwenda kutazama fataki. Taarabu, injili, mpira, mkutano wa siasa, mlango mwembamba ni uleule.

Wakati wa kutoka usishindane na mtu. Kaa chini dakika ishirini, bodaboda hawaishi. Aliyelewa usimwache ajitafutie njia. Wenzako wahesabu kabla ya kuondoka na uwahesabu tena kwenye gari. Nyumbani mwambie mtu umekwenda wapi na utarudi saa ngapi. Kesho yake kifua kikiuma ukivuta pumzi, usijipake dawa ya misuli ukalala, nenda ukapigwe picha. Na ukiona vidoa vyekundu machoni, nenda usiku huohuo.