Kujikinga na Baridi Ukiwa Kwenye Baiskeli na Baada ya Kushuka

Mkazi wa Dar es Salaam anaweza kudhani kwamba maelekezo ya kujikinga na baridi hayamhusu, kwa kuwa hata usiku wa kipupwe, mwezi Julai, jiji letu ni nadra kushuka chini ya nyuzi joto 17. Hata hivyo, mtu aliyeloa mvua ya masika tangu Mbagala hadi Posta, kisha akaketi chini ya kiyoyozi akiwa na fulana ileile, anafahamu kutetemeka ni nini. Naye anayepakia baiskeli kwenye basi kwenda Njombe au Makete katika miezi ya Juni na Julai atakutana na asubuhi ambazo umande umeganda juu ya majani. Ninawaandikia wote wawili, kwa sababu kinachowapata ni kimoja.

Mwili wa binadamu hukaa kwenye joto la takriban nyuzi 37, na ukishuka chini ya 35 mtu yuko hatarini. Unapokanyaga pedali, misuli huzalisha joto jingi, lakini upepo wa mwendo hulipeperusha, na maji hulichukua kwa kasi kubwa zaidi, kwani maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Jasho nalo ni maji. Ndiyo maana aliyevaa nguo nyingi mno na kulowa jasho wakati wa kupanda mlima huteseka kwenye mteremko, mahali ambapo miguu haifanyi kazi na upepo umeongezeka maradufu. Ondoka nyumbani ukihisi ubaridi kidogo, nawe utachangamka ndani ya dakika kumi. Ukiwa na joto la kutosha hali bado umesimama mlangoni, vua nguo moja.

Nguo inayogusa ngozi isiwe ya pamba, kwa sababu pamba hunywa jasho na kukaa nalo. Jezi ya kawaida ya mpira wa miguu ni bora zaidi, na bora kuliko zote ni sufu, yaani manyoya ya kondoo, ambayo huendelea kutunza joto hata ikiwa na unyevu. Hapa wakazi wa Dar es Salaam tuna bahati, kwa maana katika mitumba ya Karume, Ilala, masweta ya sufu kutoka nchi za baridi hupatikana kwa bei nafuu. Usiridhike na unene wa sweta. Geuza ukosi, usome lebo iliyoshonwa ndani, kwani yapo masweta mazito ya uzi wa kiwandani yanayofanana na sufu kwa macho. Chagua jembamba linalobana mwili kiasi, kisha juu yake uvae koti jepesi la kuzuia upepo, lenye zipu unayoweza kuifungua ukipanda na kuifunga ukiteremka.

Kifua ndicho kinachopokea upepo kwanza. Madereva wa bodaboda wanaotoka alfajiri wanalijua jambo hili vizuri, ndiyo maana baadhi yao huvaa koti kinyumenyume, mgongo wa koti ukiwa kifuani, ili upepo usipenye kwenye zipu. Ukikosa koti, kurasa kadhaa za gazeti zilizokunjwa na kuwekwa kati ya sweta na jezi husaidia sana, mradi uziondoe mara zinapolowa.

Mikono ilinifundisha kwa uchungu. Niliondoka Njombe mjini asubuhi moja ya Julai kuelekea Makambako, bila glavu, na kwenye mteremko wa kwanza mrefu nikajaribu kushika breki. Niliviona vidole vyangu vikiwa juu ya breki lakini sikuvihisi, na nililazimika kubana kwa kiganja kizima hadi baiskeli iliposimama. Tangu siku hiyo glavu hukaa mfukoni mwa koti, mahali ninapozifikia bila kufungua begi. Kwa upande wa miguu, usivae soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana, kwani damu isipopita vizuri vidole hufa ganzi mapema zaidi.

Kipindi cha hatari kubwa huanza unaposhuka. Misuli huacha kuzalisha joto mara moja, ilhali nguo zilizoloa zinaendelea kulitoa mwilini. Kwa hiyo, kabla hujajibu simu wala kuosha baiskeli, vua nguo za juu zilizoloa, jifute kifua, mgongo na nywele, kisha uvae nguo kavu na soksi kavu. Beba nguo hizo ndani ya mfuko usiopitisha maji, pamoja na khanga au kikoi cha kujifunika unapobadilisha. Anayefanya kazi ofisini aache sweta moja kazini, asikae chini ya kiyoyozi kabla ya kukauka. Chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa ya chai, au uji wa moto, vitasaidia, na chakula kitaupa mwili cha kuchoma. Pombe iepukwe: huipanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, ukahisi joto huku joto la ndani likipotea.

Katika nyumba za wageni za nyanda za juu, wengine huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Usifanye hivyo kamwe, kwa sababu mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoua mtu akiwa usingizini. Jifunike blanketi. Mwenzako akianza kuongea kwa kukokota maneno, kuchanganyikiwa, au akaacha kutetemeka ingawa bado ni wa baridi, mtoe kwenye upepo, mvue nguo zilizoloa, mfunike kuanzia kichwani na kifuani, na umpeleke kwenye kituo cha afya bila kuchelewa.