Namna ya Kuhesabu na Kulinda Ndege wa Pwani Wanaohama

Kabla ya kupanga siku ya kuhesabu ndege wa pwani, tazama kwanza jedwali la maji kupwa na kujaa. Maji yakipwa, vitwitwi na sululu hutawanyika matopeni kutafuta minyoo na kombe, na hesabu ya wakati huo huwa pungufu. Yakijaa, hulazimika kukusanyika mahali pakavu palipobaki, na hapo ndipo wanapohesabika. Fika muda wa saa mbili hivi kabla ya maji kujaa kabisa, jua likiwa mgongoni mwako.

Kundi kubwa usilihesabu ndege mmoja mmoja. Hesabu kumi, uone wanachukua nafasi kiasi gani, kisha pima kundi lote kwa makumi hayo. Likiwa la maelfu, pima kwa mamia. Andika tarehe, saa, hali ya maji, upepo na chochote kilichowashtua, na usipoona ndege andika sifuri, kwa sababu sifuri nayo ni taarifa. Ukiona kibendera mguuni, yaani kipande cha plastiki ambacho watafiti humvisha ndege ili atambulike, andika rangi yake, ni mguu upi, na herufi zake, wala usibahatishe herufi usiyoisoma vizuri.

Hesabu hizo zirudiwe mwaka hadi mwaka. Chini ya Mkataba wa Ramsar wa 1971, makubaliano ya kimataifa ya kulinda maeneo oevu, eneo oevu linalotumiwa mara kwa mara na asilimia 1 ya ndege wa spishi moja hustahili kutambuliwa kimataifa, na dai hilo haliwezi kuthibitishwa kwa ziara moja.

Kwa maoni yangu, ulinzi uanzie mahali pa kupumzikia, ambapo wengi hupaona kama mchanga mtupu. Mwaka 2022, ndege mchanga wa jamii hii aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, takriban kilomita 13,500, kwa siku 11 bila kutua. Safari za namna hiyo hutegemea mafuta ya mwilini, na kila kundi linaporushwa na mbwa au mpita njia, sehemu ya akiba hiyo hupotea. Kwa hiyo zungushia eneo hilo kamba na vibao msimu wote wa kupita kwao, mbwa wafungwe, na wewe mwenyewe ukiona ndege wameacha kujichokoa manyoya na kuinua shingo, rudi nyuma taratibu.

Chakula nacho kilindwe. Katika Ghuba ya Delaware nchini Marekani, uvunaji wa kaa wenye gamba la umbo la kwato ulipunguza mayai ambayo ndege hao huyategemea, na jimbo la New Jersey likaupiga marufuku mwaka 2008. Basi katika daftari lako weka pia ukurasa wa wanachokula ndege, na wa nani anakivuna, wapi na lini.